Michango ya Ngiri Ambayo Sina

Ujumbe uliingia jana usiku kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa hapa Houston, na kufika asubuhi nilikuwa nimeshachangiwa dola 480. "Ndugu zangu, mwenzetu ana ngiri, tena ile mbaya, na bili za hospitali za huku sote tunazijua. Yeye ni mtu wa aibu, hawezi kusema. Tusimwache peke yake." Mweka hazina kaweka orodha ya majina na kiasi. Mchungaji katoa 50. Jamaa anayenidai tangu Krismasi katoa 30, akaandika "pole sana kaka," na deni hakuligusia kabisa. Huruma ya namna hiyo sijawahi kuionja nikiwa mzima.

Na mzima ndivyo nilivyo. Kile kilichotuna chini ya fulana yangu Jumamosi kwenye sherehe si ngiri. Ni bastola.

Niseme ilivyokuwa, maana nikimaliza hapa siisemi tena. Binti wa shemeji kahitimu sekondari, tukaalikwa uani kwao. Mbuzi anachomwa, muziki wa zamani unapigwa, na ni Julai. Houston mwezi wa saba ni nyuzi 35, mara nyingine zaidi, na unyevu wa Ghuba ya Mexico unamkalia mtu tangu alfajiri. Kila mtu alikuwa amevaa kidogo kadiri mchungaji anavyoweza kuvumilia. Mimi nilivaa fulana ya kola, ya kijani, ya kubana kiasi, kwa sababu mke wangu alisema inanipendeza. Ndani ya suruali, upande wa kulia mbele, kati ya kitovu na nyonga, ndipo bastola ilipolala. Wamarekani wanapasifia sana mahali hapo: mkono unafika upesi, na ukisimama wima pamejificha. Hakuna hata mmoja wao aliyenitajia kwamba ngiri ya kinena nayo hutokea jirani na hapo hapo.

Shangazi wa mke wangu kaja kututembelea kutoka Tanga. Muuguzi mstaafu, maisha yake yote wodi ya upasuaji ya wanaume.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Njoo nikukumbatie, umekonda."

Nikakumbatiwa. Nikamsikia amenyamaza. Akanisogeza nyuma kidogo, akanitazama usoni kwa ule upole wa kikazi, kisha kiganja chake kikashuka moja kwa moja hadi penyewe, kikabonyeza.

Msishtuke. Ala yangu ni ya plastiki ngumu, inafunika kifyatulio chote, si kidole wala kiganja kinachoweza kupenya. Kwa sababu ya ala hiyo niko hai. Heshima haikuwa na ala.

"Tangu lini?" akauliza.

"Shangazi, si kitu."

"Wote mnasema si kitu. Kohoa."

Nikakohoa. Ukiambiwa "kohoa" kwa sauti ile, unakohoa. Bastola, kama mnavyoweza kukisia, haikutikisika. Uso wa shangazi ukabadilika. "Ngumu," akasema, na sasa alikuwa haongei na mimi, alikuwa anaongea na uani mzima. "Jamani, hii imenasa! Hairudi ndani. Ikinasa inabana damu ya utumbo, na utumbo ukioza hakuna tena cha kuzungumza."

Muziki ukapunguzwa. Shemeji akanipokonya sahani ya nyama mkononi, maana anayekwenda kupasuliwa hatakiwi kula. Mzee mmoja akatoa ushahidi ambao hakuna aliyemwomba: "Ndiyo maana bia kaikataa tangu mchana, si mmeona?" Nilikuwa nimeikataa kwa sababu sheria ya Texas inakataza kubeba bastola ukiwa umelewa. Kijana wa mwenye nyumba akatoa simu, anauliza apige 911. Nikaona mbele ya macho yangu wahudumu wa gari la wagonjwa wananipandisha fulana, na polisi waliofuatana nao wanaona walichoona, na mimi ninyooshe mikono mbele ya mbuzi. Nikapiga kelele "Hapana!" kwa nguvu ambayo kila mtu aliitafsiri kuwa ni maumivu.

"Basi lala chali hapo," shangazi akaamuru, "miguu juu, niirudishe kwa mkono kabla haijaharibika. Nimezirudisha nyingi." Viti vikasogezwa. Mtu akaleta mto, mwingine akatandika khanga majanini. Wanaume wawili wenye nia njema wakanishika mabega. Mke wangu, aliyekuwa anajua kila kitu, alikuwa ameinamia bakuli la kachumbari, mabega yanamtetemeka, na watu wakamwendea kumfariji wakidhani analia.

Nilijiokoa kwa kusema nina miadi na daktari mpasuaji Jumatatu. Shangazi akaridhika, akaniachia. Lakini mwenye miadi ana bili, na mwenye bili huchangiwa.

Sasa msomaji atauliza: bastola ya nini kwenye mbuzi choma? Nafunga duka usiku, natoka na mauzo ya siku nzima, na baada ya yaliyompata jirani yangu wa kibiashara niliamua. Kuamua ni rahisi Texas. Mpaka mwaka 1995 raia wa kawaida hapa hakuruhusiwa kutembea na bastola mwilini. Mwaka huo gavana George W. Bush akatia saini sheria ya vibali. Tangu Januari 2016 mwenye kibali anaweza kuivaa nje, waziwazi, mradi iko ndani ya ala. Na tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha hahitaji hata kibali. Mimi ninacho. Kwa hiyo kisheria ningeweza kumsalimia shangazi na bastola ikiwa imening'inia kiunoni, juu ya fulana. Anayeificha anaificha kwa adabu, na kwa kutotaka kuwa wa kwanza kuangaliwa na mwizi.

Kuificha kwenye nchi ya baridi si kazi, koti linameza kila kitu. Kwenye joto ni elimu ya juu, na nakiri imeniteka. Watu hudhani kinachoonekana ni mtutu, basi wananunua bastola yenye mtutu mfupi. Mtutu uko chini, ndani ya suruali, unaweza kuwa mrefu utakavyo. Urefu huo hata unasaidia, kwa sababu unaikandamiza bastola mwilini isipinduke. Kinachokusaliti ni kishikio. Kishikio hukaa juu ya mkanda na kuelekea nje, na ukiinama, ncha yake ya chini inasukuma shati na kutengeneza pembe. Mwili wa binadamu hauna pembe popote. Jicho la shangazi linajua hilo bila kusomeshwa.

Hivyo ugomvi wote ni juu ya kishikio, na kishikio kimebeba magazini, na magazini imebeba risasi. Kwa miaka mingi ulichagua moja kati ya mawili. Ukitaka bastola nyembamba, risasi zilipangwa safu moja, nazo zikawa chache: Glock 43 ya mwaka 2015 inaingiza sita. Ukitaka nyingi, zilipangwa safu mbili za kupishana, kama abiria wa daladala wanavyopishana mabega ili mlango ufungwe. Mtindo huo ulipata umaarufu na bastola ya Browning ya mwaka 1935 iliyobeba risasi 13, na Glock 19 ya mwaka 1988 ikafikisha 15, lakini kishikio kikanenepa. Kisha mwaka 2018 SIG Sauer wakatoa P365. Magazini yake inaanza chini kwa upana wa karibu safu mbili, halafu inabanwa inapopanda hadi risasi ya juu inabaki peke yake katikati. Risasi kumi, katika chombo chenye unene wa kama sentimita mbili na nusu na urefu chini ya sentimita 15. Mwaka uliofuata Springfield wakaja na Hellcat ya risasi 11, na tangu hapo viwanda havijalala. Nimeitenganisha magazini ile mezani usiku watoto wakiwa wamelala, nikaingiza risasi za mazoezi moja moja, nikitazama jinsi kila moja inavyojua upande wa kwenda. Mke wangu alipita, akatazama, akaenda zake kulala.

Basi si ununue iliyo ndogo kuliko zote? Hapo ndipo Newton anapokungoja. Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma kwa kiasi kile kile cha msukumo, na bastola ikiwa nyepesi inarudi kwa kasi. Ruger LCP iliyotoka mwaka 2008 ina uzito wa gramu kama 270. Unaiweka mfuko wa suruali, ndani ya ala yake ya mfukoni, na unaisahau. Kisha unakwenda uwanja wa shabaha, unaifyatua, na unaikumbuka wiki nzima kwenye kiungo cha dole gumba. Glock 19 iliyojaa inakaribia gramu 850, na ukiifyatua inakurudishia mkono kwa ustaarabu. Ya kupendeza kubeba haipendezi kufyatua, na ya kupendeza kufyatua inakuvua suruali.

Na hivi vidogo vina siri nyingine. Risasi ya milimita 9, aliyoibuni Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, ina ganda la milimita 19. Ile fupi ya John Browning ya mwaka 1908, Wamarekani wanaiita .380, ganda lake ni milimita 17. Milimita mbili! Lakini bastola nyingi za zamani za risasi fupi hazikuhitaji kufuli lolote: uzito wa sehemu ya juu inayorudi nyuma, pamoja na springi, ulitosha kuzuia mlipuko. Risasi ya Luger ina nguvu zaidi, hivyo mtutu na ile sehemu ya juu hufungana, vinarudi nyuma pamoja kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha mkia wa mtutu unashuka kidogo, kufuli linaachia, ganda tupu linarushwa nje. Huo nao ni ubunifu wa Browning, na bastola nyingi mnazoziona kiunoni mwa polisi duniani bado zinafuata wazo lake, ingawa mwenyewe alifariki Ubelgiji mwaka 1926. Ukiifupisha bastola, sehemu hiyo ya juu inakuwa nyepesi na safari yake inakuwa fupi, kwa hiyo springi lazima iwe kali. Ndiyo maana kibastola kinachouzwa kwa maneno ya "kidogo, chepesi, kinamfaa mama" mara nyingi ndicho kigumu kuliko vyote kukokiwa. Muuzaji mmoja alimpa mke wangu cha namna hiyo, cha rangi ya waridi. Alivuta mpaka akatoka jasho. Kisha akachukua Glock 19, akaikoki bila shida, akatoboa karatasi yote katikati, akaniuliza kama tunaweza kwenda kula.

Kuhusu jasho. Bastola ikikaa tumboni saa kumi kwa joto la Houston, inaoga maji ya chumvi. Viwanda vizuri siku hizi huingiza naitrojeni kwenye ngozi ya chuma mpaka inakuwa ngumu na kutu haishiki upesi, na vingine hutumia chuma cha pua. Lakini nani kasema bastola ni chuma kikubwa tu? Ziko skrubu, ziko pini, iko magazini, na kila kimoja kina msimamo wake kuhusu chumvi. Ala ya ngozi inapendeza na hailii ukitembea, ila inakunywa jasho, inalainika, na mdomo wake ukilegea ukajikunja, kurudisha bastola ndani kunakuwa hatari. Plastiki ile ngumu inayoitwa Kydex, ambayo mwanzo wake ni mapambo ya ndani ya ndege, hainywi jasho hata tone. Jasho lote inakuachia wewe. Tumboni nina alama nyekundu ya umbo la ala, na shangazi akiiona hiyo atasema ni mkanda wa jeshi na kunianzishia mchango wa pili.

Mengine yaliyonipata ni madogo. Bukta ya lastiki ilishushwa na uzito wa bastola katikati ya kusukuma troli, na nikajua kwa nini wenzangu wanavaa mikanda migumu. Ala ya kifundo cha mguu ilizunguka peke yake hadi upande wa nje nikiwa nacheza Kwaito. Kanisani kuna bango la katazo, herufi za urefu wa inchi moja, Kiingereza na Kihispania kama sheria inavyotaka, na nililisoma nikiwa nimeshafika mlangoni na Biblia mkononi, ikabidi nirudi nyumbani na kusema tumbo linauma. Sasa hivi watu wanakumbushana kuhusu hilo tumbo pia.

Lakini kuna jambo moja ambalo sicheki nalo. Duka la vyakula tunalonunua sisi sote, kuna bwana mmoja huja Jumapili, kaptula, kandambili, tumbo mbele, bastola kubwa kiunoni inaonekana tangu eneo la maegesho. Anachagua matikiti. Anayagonga na kusikiliza. Hakuna anayemtazama mara mbili, na muuza samaki anamwita kaka. Mimi nahangaika na milimita za kishikio, naogopa kuinama kuchukua viazi, si kwa sababu sheria yangu na yake ni tofauti. Ni ile ile. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mweusi kama mimi, alisimamishwa na polisi akiwa kwenye gari na mpenzi wake na mtoto wa miaka minne. Alikuwa mfanyakazi wa jikoni shuleni, alikuwa na kibali, na alimwambia askari kwa utaratibu kwamba ana silaha. Kusema kabla askari hajagundua mwenyewe ndiko tunakofundishwa darasani, wote, weusi na weupe. Askari akamfyatulia risasi saba, akafa. Mwaka 2017 baraza la mahakama likamwachia huru yule askari. Mwalimu wa darasa langu la kibali alikuwa mtu mwema, alieleza kila kitu kwa saa nyingi, ala, mkanda, namna ya kusimama. Nilipomuuliza kuhusu Castile, alisema ni jambo la kusikitisha, akafungua ukurasa unaofuata. Hapa Texas, mwenye kibali aliyebeba bastola akiombwa kitambulisho na askari anatakiwa aonyeshe na kibali. Kwa hiyo kila nikiona taa za buluu kwenye kioo cha gari, nafanya hesabu ambayo bwana wa matikiti hajawahi kuifanya: mkono upi uko wapi, shati limekaaje, nianze na neno gani. Bastola ndogo au kubwa, hesabu haibadiliki. Hakuna kiwanda kilichotengeneza ya kuniondolea hiyo.

Tuirudie nguo, maana hapo walau naweza kushauri. Fulana ya rangi moja ni adui. Kitambaa laini chenye rangi moja kinachora kila kilicho chini yake. Kinachoficha ni michoro: jicho linafuata maua na halioni pembe, na ndiyo sababu Wamarekani wengi wenye bastola huvaa mashati ya Hawaii ambayo vinginevyo wasingeyagusa. Sisi tuna kitenge. Shati la kitenge, lililoshonwa pana, la kuachia nje ya suruali, lenye samaki na mianga ya jua na sura ya kiongozi mgongoni, linaficha Glock 19 nzima na nafasi inabaki. Fundi wa Kariakoo alinishonea mawili kwa vipimo nilivyomtumia, akashangaa kwa nini nataka marefu hivyo wakati sijanenepa.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa anayeishi kwenye joto na ameshaamua: anza na mkanda mgumu, ala ngumu inayofunika kifyatulio, na shati lenye kelele, halafu nunua bastola kubwa kadiri vitu hivyo vitatu vitakavyokubali kuibeba. Futa chumvi kila jioni, na usisahau skrubu. Halafu kuna hatari ya joto ambayo wauzaji hawaitaji: joto linakushawishi uivue. Unaivua garini kwa sababu inakuchoma, unaiacha chini ya kiti, na dirisha likivunjwa usiku inakwenda mikononi mwa mwizi. Unaivua nyumbani na kuiweka juu ya friji wakati unatafuta maji baridi. Kama nyumba yako ina watoto, nunua sefu kabla ya kununua bastola. Texas ni kosa la jinai kuiacha ikiwa tayari kufyatuka mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia.